Pumziko Lina Walinzi Wake

Katika miji yetu ya leo, kuanzia Dar es Salaam mpaka Mombasa, na hata katika miji ya bara ambayo haijapata kusikia mvumo wa bahari, imekuwa ada kwamba mtu akitimiza mwaka mmoja zaidi katika umri wake, jamaa na marafiki huunda kamati, kamati hufungua kundi la simu, kundi hutoza michango, na michango huzaa ukumbi, mshereheshaji, sare za kitenge, keki ya ghorofa tatu na mpiga picha asiyechoka. Hata ufikapo usiku wa manane, yule aliyekusudiwa kufurahishwa huwa amesimama tangu magharibi, amelishwa keki na kuwalisha watu vipande visivyo idadi, amemwagiwa maji na wapwa zake, ametabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na kesho yake huamka amechoka kuliko hamali wa bandarini, akiwa na deni la viti juu yake. Sina ugomvi na furaha, wala si mtu wa kuikunjia uso keki. Ninalotaka kusema ni kwamba mtu akijaliwa kuongezewa mwaka, tunu inayomfaa zaidi ni pumziko. Na pumziko, kinyume cha wadhanivyo wengi, si jambo alifanyalo mtu peke yake, bali ni amana inayolindwa na wengine kwa ajili yake. Siku chache katika hoteli ya pwani ni njia mojawapo ya kuipata amana hiyo, na ni njia ambayo sisi wenyeji wa nchi hizi tumewaachia wageni pasipo sababu ya maana.

Najua hoja hii itapingwa, na wapinzani wake si watu wa kudharauliwa. Yupo atakayesema kuwa kuadhimisha siku ya kuzaliwa ni desturi ya Wazungu iliyotujia pamoja na kalenda zao, na kwamba babu zetu walihesabu umri kwa njaa, kwa vita na kwa mvua kubwa, wasijue tarehe wala mishumaa. Kuhusu mishumaa, ni kweli. Lakini mwambao huu umeadhimisha mazazi, na umesafiri kwa ajili ya mazazi, tangu kabla ya wazee wetu kuzaliwa: kila Mfunguo Sita husomwa Maulidi, aghalabu yale ya Barzanji, na mjini Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, hukusanyika umati wa watu waliofika kwa mabasi na mashua kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki. Maulamaa wamehitilafiana juu ya Maulidi, na si kazi ya makala ya gazeti kuwaamua. Nataja tu kwamba safari ya kuitukuza siku ya mazazi kando ya bahari haikuletwa na ndege za watalii.

Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu haumo msikitini wala safarini, bali umo katika chumba cha ndani. Mwanamke aliyejifungua, ambaye watu wa mwambao humwita mzazi, alikuwa kwa ada ya wazee na siku arobaini ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Hakuteka maji, hakutwanga, hakuinama jikoni, wala hakuulizwa chumvi imewekwa wapi. Mama yake, au shangazi yake, au mkunga aliyemzalisha, alihamia nyumbani mwake, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akamnywesha uji wa pilipili manga, na akawarudisha mlangoni kwa maneno matamu wale wote waliokuja na haja zao. Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Arobaini hazikuwa siku za mtu kujipumzikia apendavyo. Zilikuwa siku ambazo watu wengine waliuchukua mzigo wake kwa zamu ili yeye aweze kulala mchana bila kuona haya, na ugumu wa kazi ya uzazi ulikumbukwa hata kwa fedha, kwani katika mambo ya arusi za watu wetu limo fungu la mkaja, ambalo ni haki ya mama wa bibi arusi. Kwa hiyo siku ya mtu kuzaliwa ilikuwa tangu mwanzo siku ya watu wawili, mmoja aliyekuwa akilia na mmoja aliyekuwa hoi kitandani. Na likizo ya kwanza iliyotokana na siku hiyo hakupewa mtoto, alipewa mama.

Waliotunga sheria za kazi walilifahamu hilo kwa njia yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za uzazi, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Na kila mwajiriwa, awe mume au mke, ana siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ilitaja siku za kazi zisizopungua 21. Waama hizo si siku haba. Lakini mtazame mfanyakazi wetu anavyozitumia: wiki ya kwanza husimamia mafundi wanaoezeka nyumba ya kijijini, ya pili huhudhuria maziko na arusi zilizomngoja, ya tatu humpeleka mtoto shule, na ya nne hurudi ofisini mapema kwa kuwa ameitwa, au alikwisha kuiuza likizo yote tangu Januari. Muuza samaki na mama lishe, ambao hawana mwajiri, hawana hata cha kuuza. Tumeirithi nchi yenye mwambao ambao watu hupanda ndege usiku kucha ili waje kuulalia, na sisi wenyewe tunaupita tukiwa na magunia ya saruji juu ya gari.

Mama yangu alipotimiza miaka sabini, kwa mujibu wa kitambulisho kisemacho kuwa alizaliwa tarehe 1 Julai, siku iliyochaguliwa na karani mmoja kwa sababu bibi alikumbuka tu kwamba kusi ilikuwa ikivuma, sisi watoto wake tulihitilafiana. Wakubwa walitaka ukumbi. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye hasemi sana, alifanya hesabu ya ukumbi huo, chakula chake na matarumbeta yake, akaonyesha kuwa fedha hizo zingempeleka mama Unguja, pamoja na binti mmoja wa kumfuata, akakaa kando ya bahari siku kadhaa akihudumiwa, na zikabaki. Baada ya mabishano marefu, na baada ya baba mdogo kutuuliza kama shughuli ile ni ya mama au ni yetu, tukaafikiana. Mahali palipochaguliwa ni Jambiani, kijiji kirefu kilichojinyoosha ufukweni upande wa kusini mashariki wa kisiwa, ambako gari litokalo mjini hufika baada ya kupita msitu wa Jozani wenye kima punju. Na hoteli ilikuwa ya wastani, ya vyumba vichache vilivyoezekwa makuti, wala si moja ya yale majumba yenye lango la walinzi wanane.

Siku ya kwanza haikuwa pumziko hata kidogo. Mama aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akasali, akakunja shuka, akatandika kitanda, kisha akaupata ufagio nyuma ya mlango na kuifagia baraza yote mpaka mchangani. Sisi tuliofuatana naye tulimsihi aketi, naye akatujibu kuwa hajapata kuona mtu mzima akilala kwenye kitanda kisichotandikwa na yeye mwenyewe. Akaja binti wa usafi, mzaliwa wa Makunduchi, akakuta kazi yake imekwisha. Akaamkia kwa adabu, “Shikamoo, bibi,” kisha akasema, “Bibi yangu, ukitandika wewe na ukafagia wewe, mimi nitakula wapi?” Mama akacheka, akaketi. Neno hilo moja lilitimiza yale ambayo maombi ya watoto wake hayakuyaweza, na nimelifikiri sana tangu siku ile. Mtu aliyelelewa katika kazi hakubali kupumzika kwa kuambiwa kwamba anastahili, maana sifa hiyo humwongezea haya. Hukubali pale anapoona kuwa kuna mwingine ambaye heshima na riziki yake zimo katika kumpumzisha. Na hapo ndipo hoteli, nikisema bila kuitukuza kupita kiasi, inapofanana na zile arobaini za chumba cha ndani: wapo watu waliowekwa kuushika ufagio ili mkono wako usiufikie.

Ila mlinzi mkubwa kuliko wote pale Jambiani ni bahari yenyewe. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba unaokwenda sambamba na ufukwe, ambapo mawimbi makubwa huvunjikia, na kati ya mwamba na nchi kavu kuna uwanda mpana wa mchanga usio na kina. Maji yanapojaa, uwanda huo huwa ziwa la rangi ya feruzi linaloandikwa katika matangazo yote; yanapokupwa, hasa siku za bamvua zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita nne hivi, bahari huondoka kabisa, ikaacha vidimbwi, ngalawa zilizolala ubavu, na mchanga uliochorwa mistari hadi mbali. Nimewasikia wageni wakilalamika mapokezi kwamba wameuziwa bahari na bahari haipo. Malalamiko hayo yana haki yake, kwa kuwa tangazo halikuwaambia. Na kwa mtu anayetaka kuogelea saa yoyote apendayo ushauri ni mwepesi, aende Nungwi au Kendwa, kaskazini ya kisiwa, ambako ufukwe huteremka kwa haraka na maji hayaendi mbali, ajue tu kwamba na muziki nao hauendi mbali.

Mimi nasema kwamba kule kuondoka kwa maji ndiko kunakompumzisha mtu. Kati ya kujaa na kupwa hupita zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku mambo hayo huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake, hivyo saa ya ukutani haiwezi kukariri ratiba yake, wala meneja hawezi kulaumiwa. Siku za bamvua maji hupwa kati ya asubuhi na adhuhuri, yakajaa alasiri. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, hayafiki juu sana wala hayashuki chini sana. Mtu anayekaa siku nne au tano katika utaratibu huo huanza bila kukusudia kuuliza “maji yako wapi?” badala ya kuuliza “saa ngapi?”; na mtu aliyekwisha kuacha kuuliza saa, hasa mtu wa mjini ambaye maisha yake yote ni kuchelewa, amekwisha kupewa zaidi ya nusu ya kile alichokifuata. Yakiwapo, ataoga. Yasipokuwapo, atatembea juu ya mchanga mgumu akitazama kaa, au atalala. Na si rahisi kumshawishi kuwa anapoteza wakati, kwa kuwa hata bahari, yenye shughuli nyingi kuliko yeye, imekwenda zake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uwanda ule ni mtupu. Wakati mgeni anapoona kuwa hakuna bahari, wanawake wa kijiji huona kuwa shamba limefunguliwa. Kilimo cha mwani kilianza Unguja kwa biashara mwaka 1989, katika vijiji hivi vya mashariki, na tangu hapo walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake: hushuka pwani maji yakipwa, hukaza kamba kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki sita au zaidi huvuna, hubeba magunia yanayochuruzika maji, na huanika juani. Mwani huo husafirishwa ng'ambo, ukatolewa ute unaotumika kuzifanya nzito aiskrimu na dawa ya meno, pengine ileile iliyowekwa bafuni mwa mgeni. Bei yake imekuwa duni kwa miaka mingi, na ile aina iitwayo kotonii, inayolipa vizuri zaidi, imeshindwa kustawi katika maji ya kina kifupi kadiri joto la bahari lilivyozidi. Wengine hukaa mbele ya nyumba zao wakipiga makumbi yaliyofukiwa mchangani miezi mingi, wakisokota kamba. Yaani mahali unapopumzikia wewe ni mahali pa kazi ya mwenzako, na mpaka kati ya mambo hayo mawili ni kitambaa cha kiti chako.

Sisemi hayo ili mtu aone aibu, kwani aibu ya mgeni haijapata kupandisha bei ya mwani. Nasema kwa sababu ya adabu. Asiyewasalimia wale wanaopita na magunia, au anayewapiga picha wakiwa wameinama bila kuwaomba ruhusa, au anayetembea katikati ya kamba zao akizikanyaga, amekuja kupumzika katika nyumba ya watu bila kupiga hodi. Mama, ambaye hakusoma lolote katika haya, alilitambua siku ya pili: akatoka na kanga yake, akaketi chini ya mvinje pamoja na wanawake watatu waliokuwa wakifungua kamba, na mazungumzo yao yakadumu mpaka maji yakarudi. Waliulizana idadi ya watoto, kama ilivyo ada ya wanawake wa umri ule, kisha mmoja akamuuliza kama alikalishwa arobaini zake zote. Mama akasema kwa watoto wawili wa mwanzo, ndiyo, kwa kuwa mama yake alikuwa hai; waliofuata, hapana, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumkalisha, na kwa mtoto wa tano alikuwa kisimani siku ya kumi. Alilisema bila huzuni, kama asemavyo bei ya mchele. Mimi ndimi huyo mtoto wa tano, na habari hiyo, katika maisha yangu yote, nilikuwa sijaisikia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba anayeifikiria safari kama hii kwa ajili ya siku yake mwenyewe, na mama yake yu hai na ana nguvu za kusafiri, afikirie vyumba viwili. Si kila mtu anaweza. Ajuaye uwezo wake ni mwenye mfuko. Lakini fedha nyingi ambazo sasa huishia katika maputo na mapambo ya ukumbi zingeweza kulipa siku tatu za mwanamke ambaye hajapata kukaa siku tatu bila kuulizwa kitakachopikwa.

Wenye hoteli nao wana lao la kujibu. Wengi wao wameingiwa na dhana kwamba mgeni asipochangamshwa ataondoka, hivyo wakaweka mtu wa kuhimiza michezo tangu kifungua kinywa, spika karibu na bwawa, na ngoma baada ya chakula cha jioni, mambo yaliyokatwa kwa kipimo kimoja kuanzia Diani mpaka Kiwengwa. Na kwa yule ambaye kijikaratasi cha mapokezi kimefichua tarehe yake ya kuzaliwa, ipo adhabu maalumu: taa huzimwa ghafla, wahudumu na wapishi hutoka jikoni wakipiga masufuria, hutembezwa keki yenye mshumaa mmoja unaorusha cheche, na meza zote, za watu wasiomjua wala yeye hawajui, humwimbia mpaka asimame. Wapo wanaolipenda jambo hili, wala sitaki kuwanyima. Ombi langu ni kwamba mtu aulizwe kwanza. Mama aliulizwa, kwa hisani ya yule binti wa Makunduchi aliyeonya jikoni mapema, naye akachagua samaki wa kupaka na halua, vikaletwa barazani kwake na taa zikiwaka.

Juu ya gharama nimesikia mengi, na sehemu yake ni kweli. Visiwa vya Zanzibar, vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, vilipokea katika mwaka 2023 wageni zaidi ya 600,000, na bei za hoteli nyingi hupangwa kwa kuutazama mfuko wa wageni hao na miezi ya likizo zao, yaani Julai na Agosti, wakati kwao ni kiangazi, na mwisho wa Desemba. Lakini bahari haina miezi hiyo tu. Kuanzia Machi hata Mei, masika inaponyesha, bei hushuka sana, baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa, na wafanyakazi wake hupewa likizo wasiyoiomba wala kulipwa. Masika ina mvua nzito, sikatai. Ila si kila siku hunyesha kutwa, na mtu aliyekwenda kulala hana sababu ya kuiogopa mvua juu ya makuti. Mwenyeji ambaye hazuiwi na likizo za shule za Ulaya, akienda katika miezi hiyo, hujipatia chumba kwa sehemu ya bei, na pia humlinda yule atakayemtandikia kitanda asirudishwe nyumbani. Ziko hoteli zenye bei ya wenyeji, na ni haki kuiuliza bila kunong'ona. Zisizo nayo zingefanya vyema kuiweka, na kuitundika mahali inapoonekana, badala ya kuificha mpaka mtu abishane. Vijijini ziko pia nyumba za wageni za wenyewe, ambamo mwenye nyumba ndiye mpishi, na pweza wa mchana ametoka kwenye mwamba ule ule unaouona.

Limebaki jambo la simu. Sitaki kurudia mahubiri ambayo kila mtu ameyasikia, na najua kwamba mfanyabiashara mwenye duka hawezi kuizima. Lakini katika siku ya kuzaliwa simu ndiyo kamati iliyokufuata mpaka ufukweni: salamu mia mbili zinazotaka kujibiwa mia mbili, kila moja ikiwa na keki ya kuchorwa. Katika arobaini kulikuwa na shangazi mlangoni. Dada yangu, aliyekwenda kumfuata mama, aliichukua simu ya mama, akawajibu watu wote kwa neno moja kwamba bibi amepokea na amelala, nayo ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa ya siku. Kama unampeleka mtu kupumzika, mtafutie na wa kusema hivyo.

Mama amekwisha kurudi nyumbani, na anatandika kitanda chake kama zamani. Alipoonyeshwa hesabu ya safari, maana aliidai mpaka akapewa, alisoma kila mstari, akakaa kimya kwenye bei ya chumba ya mwezi wa Julai, kisha akauliza ni nani aliyesema kwamba yeye amezaliwa Julai. Tukamkumbusha karani. Akasema kwamba, kwa vile tarehe hiyo ilitolewa ofisini na mtu asiyekuwapo, haoni ubaya kuirekebisha, na kwa safari ijayo angependa azaliwe mwezi wa Aprili.